Programu Isiyo na Tarehe ya Mwisho

Jumanne, tarehe saba Machi, saa tatu asubuhi, ndipo mambo yalipokwenda mrama.

Lori la dawa feki lilikuwa mbele. Nyuma yake alikuwa Kobe, jasusi aliyechoka kuliko Toyota aliyoiendesha. Bastola aina ya Beretta kiunoni. Kompyuta kwenye kiti cha pembeni.

Ghafla kioo cha kompyuta kikawa cheupe.

*Muda wako wa majaribio umekwisha.*

Hata nguvu ya kutukana hakuwa nayo. Namba za malori, njia, vizuizi, vyote vilikuwa humo. Wakubwa walifunga viyoyozi mpaka chooni, lakini programu ya kutunzia taarifa hawakununua. Mradi wenyewe mdogo, walisema, tafuta za majaribio. Basi akawa anahama moja hadi nyingine kama mpangaji anayefukuzwa, kila mara na barua pepe mpya. Hii aliifungua kwa jina la marehemu mkewe, aliyezikwa baada ya kumeza dawa kama hizo hizo zilizokuwa mbele yake.

Akashika redio. "Kobe kwa Makao. Programu imejifunga."

"Nakutumia nyingine," mkubwa akajibu. "Ya majaribio, lakini nzuri. Ingiza kila kitu. Na jina la mtoa habari pia."

Mtoa habari alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, mpishi kwenye bohari ya wale wa magendo. Jina lake likivuja, jioni haioni.

Kobe akaifungua. Haikuuliza barua pepe. Haikutaja siku ya kwisha.

Vidole vikasita.

Tangu lini cha bure kikakosa kikomo? Hata ndoa yake ilikuwa nacho.

Hakuandika jina. Aliandika uongo: askari wote wako barabara ya juu, ya chini nyeupe kabisa. Kisha akawapigia askari kwa simu yake mwenyewe, wajipange barabara ya chini.

Akasubiri.

Lori likawasha taa ya kushoto, likateremka barabara ya chini.

Wenye lori walikuwa wanasoma.

Beretta ikalia mara mbili. Gurudumu la nyuma likalala. Askari wakamaliza kazi, na dereva akashuka mikono juu, akinung'unika kwamba aliambiwa njia ni salama.

Kobe akampigia shemeji. "Toka hapo sasa hivi. Acha hata sufuria."

"Nimeona wanavyokimbizana, nikatoka zamani. Ningekungoja wewe, na jina lako hilo, si ningekuwa marehemu?"

Akashusha pumzi. Akafunga kompyuta, akaacha mlango wa Toyota wazi, akaanza kutembea taratibu kando ya barabara, redio mkononi.

Redioni mkubwa alikuwa anapongeza kikosi, akianza na nafsi yake. Kobe akangoja amalize.

"Mkubwa, ile programu ulipewa na nani?"