Bakuli Halilali Ugenini

"Mwanamume! Mwanamume ndani!"

Ukelele ulianzia kwenye bembea ya farasi, ukarukia kwenye magari ya kugongana, ukafika mpaka kibanda cha bisi. Jumatatu alasiri ilikuwa siku ya wanawake katika bustani ile ya michezo ya Azaiba, na wanawake walikuwa wamejiachia: mabuibui wazi, mitandio mabegani, nywele zinakula upepo wa bahari. Sasa wote kwa pamoja walikuwa wanatafuta cha kujitanda. Katikati yao alisimama kijana mrefu, kanzu nyeupe, kofia imekaa upande, anasukuma kigurudumu cha kupimia kwenye mpini wake. Macho yalikuwa ardhini kama ya mtu aliyeangusha sindano.

Kheiria peke yake hakuwa na cha kuficha. Alikuwa anakimbia, na kila akikimbia huvaa suruali pana, shati la kufika magotini, na ushungi uliofungwa kisogoni usimpepee. Alikwenda moja kwa moja akamzibia njia.

"Kaka, unatafuta nini humu?"

"Nnapima njia, bibie."

"Leo siku ya wanawake!"

"Yarabi!" Hakuinua kichwa. "Langoni hapakuwa na mtu. Nimekuta wazi, nikaingia. Nnatazama chini tu, wallahi sijaona mtu."

"Hujaona mtu? Umeona viatu vya Maskati nzima."

"Viatu nimeviona. Vyako ndivyo pekee visivyo na kisigino."

Kheiria alibana kicheko, ukali usimponyoke. "Geuka. Tangulia mbele. Ukiinua macho nakuachia mikononi mwa hawa kina mama."

"Nikiondoa gurudumu chini nitaanza kupima upya."

"Basi pima ukitoka!"

Wakatoka hivyo, yeye mbele anasukuma, Kheiria nyuma anamwongoza: kulia, kushoto, simama kuna mtoto, haya twende. Kina mama waliokuwa wanapiga kelele sasa walikuwa wanapiga vigelegele.

Nje ya lango kijana alifuta jasho. Jina lake Sleyum, alisema, mpima ardhi wa baladia, halmashauri ya mji. Januari kutakuwa na marathoni, na barabara ya pwani itakuwa inachimbwa. Ndiyo maana alikuwa amependekeza wakimbiaji waingie bustanini kwa lango hili, wapite katikati ya mabembea, watokee lango la pili.

"Wanawake watakimbia?" Kheiria aliuliza.

"Nani kawakataza?"

"Basi pima vizuri. Njia hiyo nitaipita mimi."

Hapo ndipo Sleyum alipoinua macho.

Kheiria alizaliwa Tabora. Alipofika Maskati na wazee wake alikuwa na miaka kumi na sita na Kiarabu cha madrasa. Shuleni walimcheka kila alipofungua mdomo, naye akajifunza kuufunga. Mjini watu walimwita wa bara, na barua za rafiki zake wa Tabora zilimwita Mwarabu, zikapungua, zikakoma. Sasa alikuwa mtaalamu wa maabara, anapima damu za watu asiowajua, na jioni anarudi Darsait kwenye ghorofa iliyo juu ya duka la fundi cherehani. Kukimbia kulikuwa kitu chake. Miguu haikuulizwa ilitoka wapi.

Sleyum alikuwa wa watu wa Unguja. Aliishi Ansab na mama yake mjane, na Shangazi Nasriya, ambaye ndiye aliyekuwa mdomo wa nyumba ile. Harusi, msiba, ugomvi na jirani, vyote alikwenda kuvisema Shangazi Nasriya.

Simu zilianza wiki ileile.

"Umekimbia leo, habibti?"

"Nimekimbia. Muhsina kakaa garini anakula chipsi, eti ananihesabia mizunguko. Akisahau ananiongezea."

"Huyo rafiki yako ndiye mwalimu unayemtaka."

"Na wewe?"

"Mie nimekimbia hapa Ansab mpaka mbwa wamenichoka. Januari nitakuwa ubavuni pako mpaka mwisho, utaniona."

"Ukichoka je?"

"Nikichoka utanisukuma, kama ulivyonitoa siku ile."

Jioni nyingine walikimbia pamoja kwenye mchanga wa Qurum, Muhsina akiwafuata taratibu na gari kwa juu, madirisha wazi, akipiga honi kila walipokaribiana mno. Kheiria alikuwa anaongea mengi kwa siku moja kuliko alivyoongea kwa mwaka. Sleyum alipenda kumsikia.

"Sema unanipenda," Kheiria alimwambia siku moja kwenye simu. "Sema na hizo nuni zako mbili za Kiunguja: nnakupenda."

"Haya makubwa! Siku yake ikifika nitawatuma wazee waseme."

"Wazee ndio wanaonipenda?"

Sleyum alicheka. Kheiria alicheka pia, akasahau kwamba hakujibiwa.

Wazee walikuja wiki moja kabla ya Ramadhani. Mama yake Sleyum na Shangazi Nasriya walipanda ngazi za Darsait wakiwa wamevaa mabuibui ya hariri, moshi wa udi umewatangulia mlangoni. Shangazi Nasriya alibeba bakuli kubwa la kaure lenye maua ya buluu, limejaa halwa, zafarani inanukia nyumba nzima. Bi Khawla, mama yake Kheiria, aliwapokea kwa kahawa na tende. Maneno yalikwenda vizuri. Mzee mwenyewe, baba yake Kheiria, alikuwa kazini Sohar, akirudi atatoa jibu. Wakaagana kwa kukumbatiana.

Mlango ulipofungwa, Bi Khawla alilitazama bakuli.

Kwao Tabora, nyumbani kwa mama yake na bibi yake, bakuli la mtu halilali ugenini, wala halirudi tupu. Ukilaza chombo cha mwenzio umemwambia umekitamani. Alihamisha halwa, akaosha bakuli mpaka likang'aa, akakaanga visheti, akaunguza kidole kwa haraka, akalijaza hadi juu. Kabla ya Magharibi kaka yake Kheiria, Badr, alikuwa ameshalifikisha Ansab.

"Wajue binti anatoka kwa watu," Bi Khawla alisema, akinyonya kidole.

Lakini Ansab walikuwa na yao. Katika nyumba ya kina Sleyum, bakuli la posa likikubaliwa hukaa. Linakaa kwa kina binti mpaka siku ya milka, siku ya kufungwa ndoa. Likirudi kabla, hata kama limejaa asali, basi posa imekataliwa, na imekataliwa kwa ustaarabu ili asivunjike mtu uso.

Shangazi Nasriya alifunua, akaona visheti, akafunika.

"Khalas," alisema. "Wametukataa kwa adabu. Watu wa bara, lakini adabu wanayo."

"Wamesema nini?" Sleyum aliuliza.

"Wangesema nini zaidi ya hivi, mwanangu?"

Visheti havikuliwa. Na kwa kuwa mwanamume aliyekataliwa hampigii simu binti wa watu, Sleyum hakupiga.

Baba yake Kheiria alirudi kutoka Sohar na jibu la ndiyo mdomoni, akakosa wa kumpa, maana jibu la posa hufuatwa, halipelekwi.

Ramadhani iliingia. Kheiria aliiweka simu kando ya sahani ya futari, kioo juu. Iliita mara nyingi: Muhsina, maabara, mtu aliyekosea namba. Idi ilikuja, alivaa gauni la kijani aliloshonewa kwa ajili ya wageni wengine, akakaa sebuleni na jamaa wakila na kusifu mapishi. Hakuna aliyetaja Ansab. Nyumba ikijua kwamba kuna kidonda, kila mtu hupita pembeni, na mwenye kidonda hubaki nacho peke yake katikati ya chumba.

"Mpigie," Muhsina alimwambia.

"Binti aliyeposwa hapigi simu kuuliza kama bado anatakiwa."

"Basi kaa na heshima yako."

"Ninakaa nayo."

Akakaa nayo. Jioni alikimbia ufukweni peke yake, na hata Muhsina hakuwa na wa kumpigia honi.

Marathoni ilikuwa Ijumaa ya Januari. Walianza alfajiri ili kila mtu awahi sala ya Ijumaa. Baridi ilikuwa ya kupulizia vidole. Kheiria alisimama nyuma ya kundi, namba kifuani, akikataa kugeuza kichwa kumtafuta mtu. Walipoachiwa, watu walipiga soga kwa Kihindi, kwa Kiingereza, kwa Kiarabu. Jua lilipopanda soga zikafa. Mlima upande mmoja ukawa mwekundu, kisha wa kijivu, kisha ukawa joto tu. Wenye mbio walikuwa wamekwenda zao na wachovu wamebaki. Katikati yao, palipo patupu, alikuwa yeye.

Alipofika lango la bustani miguu yake ilikuwa mizito kama ya kuazima. Ndani hapakuwa na mtu. Magari ya kugongana yalikuwa yamesukumwa kwenye kona, gurudumu kubwa la kupandisha watu juu limesimama na vibanda vyake vitupu, kibanda cha bisi kimefungwa kwa turubai. Mishale ya chokaa ilimpeleka katikati ya hayo yote. Mahali pa kelele pakinyamaza panatisha kuliko makaburi. Alisikia pumzi zake, na soli zake, na kisha mtu akigumia.

Sleyum alikuwa amekaa kwenye ngazi ya bembea ya farasi, namba kifuani, kiatu kimoja kimevuliwa, ameshika shavu la mguu kwa mikono miwili.

Kheiria angeweza kupita. Alipita hata, hatua chache. Akarudi.

"Msuli umekaza?"

"Umekaza." Aliinua uso, na uso ukabadilika. "Kheiria."

"Nyoosha mguu."

Hakumshika. Aliweka soli ya kiatu chake kwenye wayo wa Sleyum, akasukuma. Sleyum aliuma meno.

"Taratibu, bibie. Kunikataa mmenikataa, na kuniua pia?"

"Nani kakukataa?"

"Bakuli lilirudi siku ileile."

"Lilirudi na visheti! Mama kaunguza kidole kwa visheti vile!"

"Kwetu bakuli la posa likirudi, ndiyo jibu."

"Kwetu lisiporudi ni wizi!"

Walitazamana. Kicheko kikamtoka Sleyum, na Kheiria naye akacheka mpaka akashika shingo ya farasi wa mbao asianguke. Wakacheka kama wehu katika bustani tupu. Kisha Kheiria akawa hacheki tena. Mabega ndiyo yaliyoendelea.

"Namba yangu hukuipoteza," alisema.

"Ningekuvunjia heshima."

"Na mimi sikukupigia, nikilinda yangu. Heshima zetu zote mbili nzima, Sleyum. Hazina hata mkwaruzo."

Sleyum alitazama gurudumu kubwa. "Mama kapeleka posa Al Khuwair. Kwa mzee Musallam. Binti anaitwa Rawan. Bakuli limekaa. Milka Alhamisi."

Kheiria hakuondoa mguu. Alisukuma tu, kwa nguvu ileile.

"Nitaivunja," Sleyum alisema haraka. "Roho yangu, sikiliza. Sasa nnajua. Nikitoka hapa tu nitamwambia Shangazi Nasriya aende kwa mzee Musallam, amweleze."

"Shangazi Nasriya."

"Yeye ndiye mwenye maneno."

"Nenda wewe. Leo, baada ya sala. Kaa mbele ya baba yake Rawan useme kwa mdomo wako. Ukimaliza njoo Darsait, useme kwa baba yangu kwa mdomo huohuo."

"Habibti, mambo hayendi hivyo. Mama ana presha. Mie nimkabili mzee wa watu uso kwa uso, nimwambie nini?"

"Kwamba unanipenda. Mimi mwenyewe sijawahi kulisikia."

Alifungua mdomo. Kheiria alingoja. Mbali, mkimbiaji mwingine aliingia langoni, mzungu mzee anayechechemea. Akawapita, akawapungia mkono, akatoweka upande wa pili. Na Sleyum bado alikuwa anatafuta maneno, na uso wake ulikuwa wa mtu mwema, mwema kabisa, anayetazama huku na huku kama yuko mtu wa kumsemea.

Ndipo Kheiria alipoona kwamba bakuli lilikuwa bakuli tu. Hata lingekaa Darsait mpaka leo, angekuwa ameolewa na Shangazi Nasriya.

Aliondoa mguu.

"Inuka utembee, utaachia."

"Kheiria, nipe muda."

"Huyo Rawan una namba yake?"

"Ipo. Sijawahi kumpigia. Haifai kabla ya..."

"Mpigie leo. Wewe mwenyewe, si mtu mwingine. Muulize hata amekula nini. Yuko kwao sasa hivi anaitazama simu, na hajui kama unamtaka au umetumwa. Mimi naijua hiyo kazi. Usimpe na yeye."

"Na wewe?"

"Mimi nina mbio."

Akaondoka. Hatua za kwanza zilikuwa za kilema, za pili zikapata mwendo. Alisikia jina lake likiitwa mara moja, si kwa sauti ya kufika mbali. Akatoka lango la pili, jua likampiga usoni, bahari ikamfungukia upande wa kushoto, na barabara nyeupe mbele haikuwa na mtu hata mmoja. Alilia akikimbia. Ni kazi ngumu, inakula pumzi; baada ya muda ilibidi achague moja, akachagua kukimbia.

Mwishoni walikuwa wamebaki watu wachache, na wengine walikuwa wanakunja meza wawahi msikitini. Mtu alimvisha nishani bila kumtazama. Muhsina alimkimbilia na chupa ya maji, buibui limejaa vumbi, anapiga vigelegele peke yake kwa niaba ya ukoo mzima.

"Mashallah, mashallah! Kaa chini, kaa. Umemwona?"

"Nimemwona."

"Ee! Kasema nini?"

Kheiria alikunywa mpaka chupa ikasinyaa mkononi.

"Atatuma mtu."