Mabawa ya Taa

"We kaka, unanunua au unamposa huyo samaki?"

Lazhar, fundi plasta wa miaka arobaini, aliinuka na daftari lake. Muuza samaki wa soko la Annaba alikuwa akimcheka, kilemba cha kijani kichwani, aproni imelowa, magamba yanang'aa mikononi.

"Nasoma jioni, dada. Tumeambiwa tulinganishe wanyama wawili. Nimechagua huyu samaki wako bapa, taa, na maknini wangu, yule ndege mwimbaji wa uso mwekundu."

"Wanaume wa hapa mnabembeleza matundu ya ndege kuliko wake zenu!"

"Mimi sina mke."

"Basi ndege kabahatika."

Muuzaji jina lake Wassila. Wakapeana namba, simu zikaanza.

"Umekula, roho yangu?" Wassila aliuliza.

"Nimekula ngeli na oda za wanyama, vitabuni. Sikia: wote wawili wana uti wa mgongo. Ila maknini ana mifupa, taa ana gegedu tu, ni ndugu wa papa. Mungu ni fundi!"

Siku ya kusoma kazi yake, Lazhar alimwalika darasani. Akasimama, shati limepigwa pasi, akatamka: "Maknini anatoweka duniani. Taa wamejaa sokoni."

Wassila akainua mkono. "Maknini hawasikiki bustanini kwa sababu mmewafungia nyumbani. Taa nao tunawachuna, tunauza mabawa. Wakishachunwa wote sura moja. Yule taa wa aina ya Malta, mwaka huu nimemwona mara moja tu."

Darasa likacheka. Lazhar akakunja karatasi. Siku tisa hakupokea simu.

Jioni ya tisa mwalimu alimfungulia orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini. Maknini: hayumo hatarini, ingawa sheria ya nchi inamlinda na mitego. Taa wa Malta: hatarini kabisa, ukingoni mwa kutoweka. Alfajiri Lazhar alisujudu muda mrefu, akimwomba Mungu amwondolee kiburi. Kisha akaenda sokoni, akasimama katikati ya meza za samaki.

"Jamani! Nilikosea mbele ya watu, nakiri mbele ya watu. Wassila anajua bahari kuliko kitabu changu. Najivunia kusahihishwa naye, na nataka anisahihishe maisha yangu yote."

Visu vikatulia. Wassila akanyoosha shingo, macho yamelowa.

"Siku tisa, Lazhar!"

"Nisamehe, roho yangu."

"Mama yako anajua?"

"Yuko langoni mwa soko na sinia la makrudi, vitamu vya tende vya posa."

Wanawake wakapiga vigelegele. Wassila akafuta mikono, akaweka kilemba sawa.

"Mwambie aende nyumbani kwetu, kwa mama yangu. Mimi ni binti wa Salah, siposwi langoni."