Aliyekuwa Akimnyonyesha Husni

Jumatatu saa nane mchana, Husni, mtoto wa miezi saba, alikataa tena ziwa la mama yake. Hakuwa na homa. Alikuwa ameshiba, na mbavu zake zilikuwa zimeanza kuonekana.

Salima alikuwa ametoka sokoni Gitega, anakouza vitenge, matiti yakimuuma. Alinusa kinywa cha mtoto. Kilikuwa na harufu ya maziwa. Alimwita yaya.

"We Upendo, unamunyonyesha mutoto yangu?"

Upendo, aliyekulia ukimbizini Tanzania na ambaye hajawahi kuzaa, alicheka. "Nimnyonyeshe na nini, mama Husni?"

"Usinichekee. Na ile wimbo unaimbaka chumbani?"

"Ule wa Kirundi? Kirundi chenyewe nababaisha. Nilidhani ni wewe umerudi, unambembeleza."

Salima hakuamini. Alikuwa amechoka, hakutaka maneno. Kesho yake alimpandisha Upendo gari la Muyinga, kwao.

Jumatano alibaki nyumbani. Mchana, akiosha sufuria uani, alisikia wimbo ukianza chumbani, wa mwanamke asiye na haraka, akaacha sufuria, akapita sebuleni bila viatu, akasikia kitanda kikilia kama mtu mzima anapojigeuza, akasikia mtoto akimeza, akimeza, akasukuma mlango. Husni alikuwa peke yake. Midomo yake ilikuwa imelowa.

Alimfunga mgongoni, akaenda Muyinga. Alimkuta Upendo mlangoni kwao akichambua maharage.

"Nisamehe, mudogo wangu. Haikuwa we."

"Mpe ziwa kwanza. Lawama baadaye."

Husni alinyonya hadi akapaliwa. Salima alilia bila sauti.

"Usimrudishe kule," Upendo alinong'ona. "Na usimwambie mtu mko hapa."

"Rachid tu. Bwana yangu."

Kwenye simu alimwambia mumewe walipo, na kwamba alete nguo za mtoto. Mengine angemweleza wakionana.

Rachid, fundi cherehani, alifika nyumbani jioni, akafungua kwa ufunguo. Alikuwa ameinama sebuleni akifunga furushi mwanamke alipomuuliza kutoka chumbani, taratibu:

"Mutoto iko wapi?"

Siku nzima alikuwa juu ya cherehani. Hakuinua kichwa. Alidhani ni jirani.

"Muyinga," alisema. "Kwao Upendo."

Kisha akakumbuka ufunguo. Alisikia mtu akishuka kitandani. Nyayo zilimpita, na hakuona mtu. Mlango wa mbele ulifunguka, ukabaki wazi.