Wapenzi wa Bendi Isiyopendwa

Foleni ya benki mwisho wa mwezi haina adabu. Watu wanapumuliana shingoni, feni inazunguka kwa kulazimishwa, na dirisha lililo wazi ni moja tu. Katikati ya foleni hiyo alisimama binti mmoja wa duka la miwani, gauni la kijani limemkaa sawasawa, waya wa kusikilizia muziki masikioni, macho ameyafumba. Kazini walimwita Miwani, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kuivaa. Alikuwa akikata na kusugua vioo vya wengine, basi jina likamganda.

Bwana mmoja akapita kwa pupa, mkoba wake ukanasa waya, waya ukachomoka kwenye simu. Hapo benki nzima ikasikia alichokuwa akisikiliza Miwani.

Likaanza gitaa, pole pole. Ngoma ikafuata. Kisha ikafika pale ambapo mwimbaji yeyote mwenye akili zake angeingia, na mwimbaji hakuingia.

"Zima hiyo simu!" akafoka mama mmoja. "Imekwama, si unasikia?"

"Muziki gani huo, jamani? Wa msibani?" akadakia mwingine.

Miwani alikuwa akipapasa simu kwa aibu, akitafuta pa kuizima. Ndipo nyuma yake sauti ya mwanamume ikanong'ona, "Bado... bado... haya, sasa."

Na mwimbaji akaingia, palepale.

Miwani akageuka kwa kasi. Aliona kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi kwa bidii, ndevu zimechongwa mstari mmoja, akinukia poda na spiriti. Hata asingeulizwa, mtu angejua kuwa huyo ni kinyozi.

"Unawajua Ngazini Bendi?" Miwani aliuliza.

"Nina kanda zao zote mbili."

"Mwongo wewe! Ya pili hakuna aliyeinunua."

"Kumbe tulikuwa wawili," akasema Kinyozi, akatabasamu, na Miwani akapoteza nafasi yake kwenye foleni bila kujali.

Sasa nikwambie, hiyo Ngazini Bendi ilikuwa watu watatu tu. Walianza kwa kufanya mazoezi kwenye ngazi za ghorofa kwa kukosa chumba, na jina likatokea hapo. Gitaa alipiga fundi wa kupaka rangi nyumba. Ngoma alipiga mama mmoja mnene aliyekuwa akicheka katikati ya wimbo. Mwimbaji alikuwa mzee mwenye sauti ya mikwaruzo, na huyo ndiye aliyekuwa akichelewa kuingia kwenye kila wimbo. Redio haikupiga nyimbo zao. Mdogo wake Miwani akiwasikia alijifunika mto kichwani. Daktari wa macho, mwenye duka, aliwahi kuuliza, "Huo ni muziki au ni ugomvi?"

Lakini Miwani alipowasikia mara ya kwanza alikuwa na jambo lake la kulia, na yule mzee aliposubiri kabla ya kuimba, Miwani alihisi kwamba yupo mtu duniani anayempa nafasi amalize machozi yake. Tangu siku hiyo akawapenda. Alijaribu kuwaeleza watu, wakamcheka, akaacha kueleza.

Basi mtu kama huyo akikutana na mwenzake, mnategemea nini? Walipendana upesi. Kila Jumapili mchana walikwenda kwenye ukumbi mdogo nyuma ya duka moja la samani, ambako bendi ilipigia wasikilizaji wasiojaza hata mabenchi, wakakaa bega kwa bega. Siku za kazi simu hazikukoma.

"Miwani wangu, nina mteja hapa, nimemnyoa nusu kichwa, lakini nimekumbuka kitu."

"Mmalize mtu wa watu!"

"Wimbo wa tatu, kanda ya kwanza. Yule mama anacheka halafu anapiga ngoma mara mbili. Umewahi kusikia?"

"Mara mia."

"Basi nakupenda."

"Unanipenda mimi au yule mama?"

"Nyote. Ila wewe ndiye unayepokea simu."

Miwani alicheka mpaka kioo kikamponyoka. Hakuwa amewahi kufurahi hivyo.

Kisha ikafika siku ya kupelekwa kwa mama mkwe. Mama yake Kinyozi alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke wa maneno machache na macho makali. Walikuwapo pia kaka mkubwa, mcheshi wa familia, na dada mtu. Miwani alivaa gauni jipya la rangi ya samli, akasuka nywele, akasalimia kwa magoti mepesi, na chakula kikaenda vizuri mpaka dada mtu alipomgeukia.

"Wifi, tumesikia wewe ni mtu wa muziki. Hebu tuwekee na sisi."

Miwani akamtazama Kinyozi. Kinyozi akatikisa kichwa kukubali. Akaiweka simu mezani katikati ya sahani.

Gitaa. Ngoma. Kimya.

"Imezima?" kaka mkubwa akauliza.

"Subiri kidogo, shemeji," Miwani akasema.

Mzee akaingia na mikwaruzo yake, na kaka mkubwa akapaliwa na maji. "Huyu mtu anaumwa! Mpelekeni hospitali kabla hajamaliza ubeti!" Meza nzima ikaangua kicheko. Hata mama mtu alijiziba mdomo. Miwani naye alicheka kidogo, maana hayo aliyazoea. Alikuwa akimsubiri Kinyozi aseme neno lolote.

"Na wewe bwana mdogo," kaka akamgeukia, "unausikiliza huu?"

Kinyozi alikuwa na kipande cha nyama mkononi. Akamtazama kaka yake, akacheka. "Mimi? Niombeeni tu, jamani, nasikilizishwa. Si mnajua, ukipenda boga, penda na ua lake."

Wakacheka upya. Miwani aliizima simu, akala chakula chake mpaka mwisho, akamshukuru mama kwa heshima zote, akaaga. Kesho yake mchana alipokea simu ya Kinyozi mara moja tu, kwa sababu alikuwa na la kusema.

"Kumbe mimi boga."

"Mpenzi wangu, ule ulikuwa utani."

"Mimi na wewe tunataniana, najua utani. Jana hukunitania, ulinikana."

"Ningesema kweli, kaka angenicheka mpaka uzeeni."

"Na mimi je? Nimechekwa tangu niko shule, nimezoea, hainiumi. Ila nilidhani sasa tunachekwa wawili. Nimegeuka, nakuta niko peke yangu."

 Sauti ya mashine yake ya kunyolea ilisikika ikinguruma bure.

"Leo ni bendi," Miwani akaendelea. "Kesho ndugu zako watacheka kazi yangu, keshokutwa watacheka kwetu. Utawaambia unanivumilia? Mume wa hivyo simtaki, hata nikimpenda." Akakata simu, akalia mbele ya mashine ya kusugua vioo.

Msiseme alikuza mambo. Mtu akikukana kwa dogo mbele ya nduguze, kwa kubwa atakuuza.

Jumapili zikapita bila Miwani kwenda nyuma ya duka la samani. Nyumbani nako hakuweka tena kanda. Mdogo wake akamwuliza, "Dada, mbona nyumba imepoa hivi?"

"Si ulikuwa huupendi muziki wangu?"

"Siupendi. Lakini na kimya hiki sikipendi."

Siku moja Daktari wa macho aliingia dukani amevaa kofia, na hakuwa mtu wa kofia. Alipoivua, upande mmoja wa kichwa ulikuwa umenyolewa, mwingine una nywele zake.

"Huyo kinyozi wako amerukwa na akili!" akalalamika. "Namwambia weka mpira, timu yangu inacheza. Ananiambia, 'Dokta, hapa ni Ngazini Bendi asubuhi hadi jioni, asiyetaka kuna kinyozi mwingine mtaa wa pili.' Wateja wanatoka! Mmoja kamwuliza, nani anapenda takataka hii? Kajibu, 'Mimi, na nilimkana mchumba wangu kwa aibu ya kijinga.' Nikaona nisije nikafia pale, nikaondoka."

Moyo wa Miwani uliruka, lakini uso akaukaza. "Anajikosha kwa wapita njia. Aliponikana hapakuwa na wateja pale. Alikuwapo mama yake."

"Mpigie umwambie."

"Simpigii."

"Haya, kaa na kiburi chako," Daktari akasema, akairudisha kofia. Lakini nusu kichwa ni nusu kichwa. Jioni ileile alilazimika kurudi kumaliziwa, na Daktari akishakaa kwenye kiti cha kinyozi hana siri. Maneno ya Miwani yakafika yote.

Baada ya wiki mbili, Jumapili, mdogo mtu alimrushia dada yake mkoba. "Nenda kawasikilize wazee wako. Bendi haikukukosea."

Hilo Miwani hakuwa amelifikiria. Akavaa gauni lake la kijani, akaenda, huku akijiambia kwamba akimwona Kinyozi atakaa benchi la mbali.

Alimwona. Lakini hakuwa peke yake. Kando yake alikaa mama mtu, mkoba mapajani, amevaa suti ya kijivu kama aliyeitwa ofisini. Kisha dada mtu. Kisha kaka mkubwa, uso kama wa mtu anayesubiri kung'olewa jino.

"Wifi!" dada mtu akaita. "Mbona Jumapili iliyopita hukutokea? Tumesikiliza bure!"

"Nyamaza wewe," mama akasema. Akamwashiria Miwani akae karibu naye. "Mwanangu alikuja nyumbani, akatukalisha wote mezani. Akasema, 'Mama, siku ile nilidanganya mbele yako. Muziki ule ni wangu kabla haujawa wa kwake. Niliona haya.' Mimi nimefundisha watoto maisha yangu yote, na mwongo nimemzaa mwenyewe. Nikasema nije nikisikie hicho kilichomfanya aone haya."

"Umekisikia, mama?"

"Nimekisikia mara mbili. Sijaelewa kitu." Akampigapiga Miwani mkononi. "Lakini wewe usimwache kwa sababu ya masikio yangu. Kama ni kosa lake, hilo sawa, mwache au msamehe, shauri lako."

Kinyozi alikuwa amesimama, kofia anaizungusha mikononi. Ndevu zake za mstari zilikuwa zimeota ovyo.

"Kinyozi gani hana muda wa kujinyoa?" Miwani akauliza. Alitaka iwe kali, ikatoka laini.

"Kinyozi asiye na wa kumtazama." Akasogea karibu. "Nilikukana, sina utetezi. Niliogopa kicheko cha watu ninaokula nao, nikakuachia wewe ubebe. Haitarudiwa. Nimekukumbuka mpaka nimechoka. Nikuoe?"

"Hapa hapa?"

"Mbele ya mama. Si ndipo nilipoharibia?"

Miwani alimtazama, machozi yakamlenga. Aliitafuta hasira yake, akakuta imekwisha. "Nioe," akasema. "Lakini harusini wanapiga hawa."

Kaka mkubwa akaruka. "Ngazini Bendi? Harusini? Wageni watakwenda nyumbani kabla ya keki!"

"Waende," akasema Kinyozi.

"Mtacheza wawili uwanja mzima!"

"Tutacheza."

"Watu watawacheka mpaka wajukuu zenu!"

Kinyozi akamshika Miwani mkono, akamwinua, akageuka wamwone vizuri, yeye na ule mkono. "Kaka, anza wewe."

Na kaka akaanza. Akacheka mpaka akashika mbavu, dada mtu akafuata, mama akashindwa kujizuia, yule mama wa ngoma kule mbele akaambukizwa bila kujua chanzo, na mabenchi yote yakawageukia wale wawili waliosimama katikati ya ukumbi wameshikana mikono. Miwani alikuwa amechekwa maisha yake yote, lakini hakuwa amewahi kuchekwa hivi. Akamwegemea Kinyozi begani, wakachekwa wote wawili.