Nambari Kwenye Paji la Nehemiah

Huku Lumakanda, siku ya kupukuchua mahindi ni ya majirani wote. Leo mashine iko kwako, kesho iko kwa mwenzako, na kila mtu anakuja na nguvu zake na maneno yake mengi. Siku hiyo mashine ilikuwa kwa Nehemiah. Mkewe Khalayi, ambaye majirani humwita Mama Elvis, alikuwa jikoni akisonga obusuma, ugali wa wapukuchuaji.

"Kipngeno, unabeba gunia kama mtoto mchanga," Nehemiah alimtania jirani yake. Watu wakacheka. Kisha akainua gunia lake mwenyewe, akashika kifua, akaanguka.

Khalayi alikuja mbio. Alimwita mumewe, hakujibu. Watu wakamkalisha, wakamwegemeza kwenye magunia, wakamwagia maji usoni. Nehemiah akakoroma mara moja, akanyamaza. Baadaye akakoroma tena.

"Amezimia tu," Kipngeno alisema. "Si mnasikia anakoroma?"

"Mwacheni apumzike," Khalayi alisema. "Hata usiku anakoromanga hivyo."

Wakashikana mikono, wakaomba huku wakingoja pikapu ya kumpeleka hospitali. Walimpenda Nehemiah, na waliomba kwa moyo wote. Lakini dakika zilikuwa zinakwenda.

Hospitalini, muuguzi Lusweti alimbandika kitu kidogo kwenye paji la uso. Waya wake ulikwenda kwenye mashine yenye nambari. Khalayi alisimama mlangoni. Nambari ilikuwa kumi na nane. Mhudumu mmoja alimbonyeza Nehemiah kifua kwa nguvu, ikapanda hadi thelathini. Alipochoka, ikashuka. Mwenzake akampokea, ikapanda tena.

Baada ya muda moyo ulianza kupiga. Khalayi alimshukuru Mungu kwa sauti. Lakini Nehemiah hakufungua macho. Siku ya tatu akafariki.

"Moyo wake si ulirudi?" Khalayi alimuuliza Lusweti. "Na ile nambari ilikuwa ya nini?"

"Ilituonyesha oksijeni iliyokuwa kwenye ubongo, mama. Damu ndiyo hubeba oksijeni. Moyo ukisimama, damu haiendi, na ubongo unaanza kuumia baada ya dakika chache. Uliona nambari ikipanda? Mikono yetu ilikuwa inafanya kazi ya moyo. Lakini ubongo ulikuwa umekaa sana bila oksijeni."

"Lakini alikuwa anakoroma."

"Moyo ukisimama, mtu anaweza kukoroma hivyo kwa muda mfupi. Huko si kupumua."

Khalayi alijifunika uso kwa leso. "Basi mimi ndiye nilimuua. Niliwaambia wamwache."

"Hapana, mama. Hakuna aliyekuwa amekufundisha. Na hata tukibonyeza mapema, wengine hawarudi."

Alilia sana. Kisha akasema, "Kuja utufundishe."

Lusweti alikuja kanisani Jumapili moja. Alijaza gunia magunzi ya mahindi, akalilaza sakafuni kama mtu.

"Mtu akianguka, haitiki, na hapumui vizuri, mlaze chali. Mmoja apige simu. Weka mikono katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu, karibu mara mbili kila sekunde. Acha kifua kiinuke kabla ya kubonyeza tena. Ukichoka, mwenzako akupokee. Msiache mpaka msaada ufike."

Msimu uliofuata, mashine ikiwa kwa Kipngeno, Kipngeno mwenyewe alianguka. Hakuitika. Akakoroma. Watu wakaanza kumwinua.

"Msimkalishe," Khalayi alisema. "Mlazeni chini."

Alipiga magoti, akaweka mikono katikati ya kifua, akabonyeza. Jirani yake Jescah akampokea. Jepkorir, mke wa Kipngeno, alipiga simu, kisha akapiga magoti aombe.

"Omba, Jepkorir," Khalayi alisema huku akihema. "Sisi tunabonyeza."

Hospitalini, nambari kwenye paji la Kipngeno ilikuwa hamsini. Lusweti alisema nambari peke yake haitoshi kujua kama mtu atapona, lakini hiyo ilimpa matumaini. Baada ya muda moyo wa Kipngeno ulianza kupiga, na kesho yake akafungua macho.

Wiki tatu baadaye, Kipngeno alikuja polepole na kibuyu cha maziwa.

"Mama Elvis, habari ya hapa?"

Alikumbuka jina la Khalayi. Alikumbuka kila kitu.

"Nehemiah alinichekanga nikibeba gunia," alisema.

Khalayi alipokea maziwa, akatabasamu. Kisha akaenda nyuma ya ghala, akalia. Alipotulia, aliingia jikoni akabandika chai. Alipoangalia mezani, alikuwa ametoa vikombe vitatu, kimoja kikiwa cha Nehemiah.