Dira Waliyoiogopa Wanachama

Tangu wanunuzi binafsi waingie kijiji cha Ikolo, mwaka ule wa 1995, Hebroni alikuwa akiamka na hofu. Asubuhi moja alikunywa uji bila kuuonja, kisha akavuka ua kwenda kufungua ghala la chama cha ushirika. Yeye ndiye aliyekuwa katibu. Ghala lilikuwa tupu. Barabarani, wanachama wake mwenyewe walipanga foleni kuuza kakao mbichi, isiyokaushwa, kwenye mizani ya mfanyabiashara mgeni.

Jumamosi ya wiki hiyo kungekuwa na mkutano mkuu. Ajenda ilikuwa moja: chama kiendelee au kivunjwe?

Asubuhi hiyo hiyo alifika Tereza, ofisa ushirika wa wilaya, mwenyeji wa Bukoba. Hebroni alimkabidhi kurasa nne.

"Hii ndiyo dira yetu, mama. Niliisoma mkutanoni mwezi uliopita. Walinyamaza wote. Tangu siku ile hawaleti kakao."

Tereza alisoma kwa sauti: "'Kuboresha ufanisi kwa kuzingatia ushindani wa soko huria.' Bwana Katibu, mkeo anaona nini hapa?"

"Mke wangu?"

"Mwite."

Tusekile alikuja, mikono ikiwa na unga.

"Mama, dira ya chama inasema nini?" Tereza akauliza.

"Maneno makubwa sikuyashika. Nilishika moja tu: wote tutaanika kakao kwenye uwanja mmoja, wanawake na wanaume."

"Ni vibaya?"

"Wewe ni mgeni, mama. Kwetu mke wa mwana hakutani na baba mkwe uso kwa uso. Nitaanikaje naye palepale? Afadhali niuze mbichi. Wenzangu nao wanasema hivyo hivyo."

Hebroni alishtuka. "Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie saa ngapi? Umeoa karatasi!"

Tereza hakucheka. "Dira ni picha ya mahali mnakokwenda. Iwe fupi, iwezekane, ionyeshe faida, na kila mwanachama ajione ndani yake. Yako haina mtu. Waulize kwanza wanaogopa nini, ndipo uandike."

Siku tatu Hebroni alipita nyumba kwa nyumba akiuliza. Jumamosi alisimama mbele ya mkutano, akasoma kutoka karatasi moja.

"Baada ya misimu miwili, kila mwanachama atavundika kakao yake siku sita, aifunike ichachuke, na kuikausha kwenye kichanja nyumbani kwake. Chama kitauza kwa pamoja kakao isiyo na ukungu, kwa bei inayoishinda ya mbichi. Wanawake watapimiwa hapa ghalani Jumanne, wanaume Alhamisi."

Alikunja karatasi, akauliza nani anakubali.  

Mlangoni aliingia mwanachama mmoja, Naomi, amechelewa. "Wamesema nini?" akamnong'oneza Angetile, aliyeketi karibu na mlango.

Angetile akamweleza yote, vichanja, siku sita, bei na Jumanne, bila kukosea.

"Basi mimi nimo," Naomi akasema kwa sauti. Mikono ikaanza kunyooshwa, mmoja mmoja, hadi karibu wote.

Msimu wa pili mnunuzi kutoka Dar es Salaam alifungua magunia, akanusa, akapasua punje kadhaa kwa kisu. Hakuona ukungu. Alinunua kakao yote ya ghalani, kwa bei ambayo mizani ya barabarani haikuifikia.

Jumanne moja baada ya hapo Mzee Nsajigwa, baba yake Hebroni, alikosea siku. Alifika karibu na ghala na gunia begani, akaona wanawake wenye khanga mlangoni, akageuka. Ndani, Tusekile aliinamisha uso mpaka hatua za mkwewe zilipokwisha kusikika, kisha akaliweka gunia lake kwenye mizani.