Nati Mbili za Msumeno

Cheka, cheka tu. Dume zima na ndevu zako unacheka kama umetekenywa. Msumeno wa marehemu baba yako unautaka, habari zake huzitaki. Kaa hapo. Mimi ni mama yako mkubwa, na sikio halizidi kichwa. Nitasema mara moja.

Baba yako na mwenzake, tuliyemwita Mrefu, walikuwa na msumeno mmoja wa injini, wa kukatia miti. Leo anakata huyu, kesho yule. Mnyororo ukipata moto hulegea, na ukilegea huchomoka kwenye ule ubapa wa chuma unaouzungukia. Kwa hiyo walijiwekea sharti. Kila wakijaza petroli, mkataji anauliza, "Umekaza?" Mwenzake anakaza nati mbili, anauvuta mnyororo kwa kidole, ndipo anajibu, "Nimekaza." Mkataji hakagui tena. Shingo yake ameshamkabidhi mwenzake.

Siku ile ilikuwa siku kama siku nyingine, jua linawaka, utani tele. Baba yako alikuwa anakula. Mrefu akauliza, "Umekaza?"

Baba yako hata hakuinuka. Akajibu na tonge mdomoni, "Nimekaza, bwana. Kata! Au unataka na kubebwa mgongoni?"

Mnyororo ulichomoka ukampata Mrefu chini ya taya. Alifika chini kabla ya mti. Damu iliruka mpaka kwenye sahani ya baba yako.

Mjane akaambiwa mnyororo ulikatika. Mama yako, aliyeujua ukweli, akamsihi baba yako aende akakiri. Akamjibu, "Wafu hawaulizi maswali."

Akaendelea kukata, sasa peke yake. Mnyororo ukawa unachomoka. Anakaza, unachomoka. Ananunua mpya, unachomoka. Na kila ukichomoka, kuna mtu anamuuliza kisogoni.

Mimi ya kuambiwa siyaamini. Haya niliyaona. Nilimpelekea chakula saa sita mchana, nikamkuta amepiga magoti. Injini imezimwa, plagi ya kuwashia moto ameing'oa na kuitia mfukoni, mnyororo unaning'inia. Anaurudisha. Nikasikia sauti ya chini, kama ya mtu mwenye maji kooni.

"Umekaza?"

Hapakuwa na mtu.

"Shemeji," nikamnong'oneza, "usijibu."

Akaitupa spana. Nati hakuzigusa.

"Nimekaza!" akafoka. "Nimekaza, niache!"

Injini ikawaka. Plagi imo mfukoni, injini inanguruma.

Mnyororo ukaruka. Ukamzunguka shingo. Ukajikaza. Meno yakaanza kutembea. Vidole alivyoingiza ajiokoe vilianguka kwanza. Kisha sikio. Kisha kichwa kikalala begani, kimeshikwa na ngozi tu. Midomo bado ilikuwa inatamka neno lile lile.

Nilijifuta uso kwa kitambaa nilichofunikia chakula.

Wewe uliambiwa ajali. Msumeno ukaletwa stoo yangu, na nati zote mbili nikazifungua kwa mkono huu. Bila nati hizo ubapa hausimami, wala mnyororo haukazwi. Mwaka wa tisa huu.

Asubuhi hii nilikuwa jikoni. Wewe ulikuwa stoo peke yako, kwa ubishi wako. Nikakusikia unasema, wazi kabisa, "Nimekaza."

Mbona hucheki tena? Mimi sikukuuliza kitu. Ulikuwa unamjibu nani? Na ulikaza nini, wakati nati ni hizi hapa mezani, zimetoka sasa hivi kwenye mkebe wangu wa vifungo?

Zishike. Za moto, eh?

Mjane wa Mrefu bado yu hai. Nenda kamwambie alichoficha baba yako, kama utawahi. Mimi ya kwangu nimemaliza.

Niliinuka. Huko stoo kitu kilikohoa, kama injini inayovutwa kamba mara ya kwanza. Kijana alikuwa bado anaziangalia zile nati. Nikatoka, nikaufunga mlango nyuma yangu.